Siku tisa za kumjengea Bibi kaburi, Dar es Salaam hadi Njombe

Mwaka umetimia tangu Mama yetu, bibi wa wajukuu ishirini na mmoja, alazwe kwenye udongo wa nyumbani kwake, kijijini upande wa Uwemba, mkoani Njombe. Mazishi yake yalikuwa na haraka ya msiba: kaburi likafukiwa, msalaba wa mbao ukasimikwa, mashada yakapangwa, watu wakatawanyika kuwahi mabasi. Safari hii ni ya kurudi kwa utulivu na kumjengea. Imeandikwa siku kwa siku kwa ajili ya familia nyingine zenye wazazi waliolala nyanda za juu kusini, maana makosa ya kaburi huonekana baada ya mvua za misimu miwili, na wakati huo fundi ameshalipwa na ndugu wako mbali.

Kwanza msimu. Kaburi jipya lisijengewe mpaka lipite msimu mzima wa mvua. Udongo uliochimbwa na kurudishwa shimoni una hewa nyingi ndani yake. Mvua ndiyo inayoushindilia, nao hutitia taratibu kwa miezi. Anayejenga wiki ya mazishi anajenga juu ya kitu ambacho bado kinashuka, na ufa lazima utokee, kwa kawaida katikati au upande wa miguu. Njombe mvua huanza Novemba au Desemba na kukatika Aprili hivi. Juni na Julai nazo hazifai, kwa sababu usiku umande huganda kuwa barafu juu ya majani, na zege bichi likigandiwa maji yake halirudii nguvu tena. Zinabaki Agosti, Septemba na Oktoba. Bibi aliaga mwishoni mwa Septemba, kwa hiyo mwaka wake umeangukia mahali pazuri.

Siku ya 1, Jumatano: Dar es Salaam hadi Iringa

Kuondoka ni saa 10 alfajiri, kabla Kimara na Kibaha hazijajaa magari. Mpaka Iringa ni kama kilomita 500.

Mzigo wa kuangaliwa kuliko yote ni kibao cha jina: granaiti nyeusi, sentimita 60 kwa 40, unene sentimita 2, uzito kama kilo 13. Kinasafiri kimesimama kwa ubavu, kimefungwa blanketi, kimebanwa kati ya mgongo wa kiti na mabegi ya nguo. Kikilazwa chali, kila tuta linakisukuma katikati, na jiwe halijui kupinda, linapasuka tu.

Kibao kimechongwa Dar kwa makusudi. Mchongaji alitoa kwanza maandishi kwenye karatasi, yakapigwa picha na kutumwa kwenye kundi la familia, yakaachwa siku tatu bila kuguswa. Siku tatu hizo ni muhimu sana. Shangazi alirekebisha herufi moja ya jina la ukoo, jina ambalo kwenye kitambulisho liliandikwa na karani asiyejua Kibena. Mwaka wa kuzaliwa nao ulikuwa na ubishi: kitambulisho kinasema hivi, kadi ya kliniki vingine. Kwa wazee wa umri wake, kitabu cha ubatizo cha parokia ndicho cha kwenda kukitazama, maana kiliandikwa wakati wazazi wake wangali hai. Penye mwaka tu bila siku, uandikwe mwaka tu. Kubuni tarehe ili kibao kipendeze ni kuwadanganya vitukuu. Na majina yake yote matatu yawemo: la ubatizo, la kwao alikozaliwa, na la mume. Makaburi mengi ya bibi zetu yana jina la mume peke yake, na baada ya miaka thelathini hakuna anayeweza kujua mama huyu alitoka nyumba gani.

Chai ni Morogoro. Mbele yake barabara inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kama kilomita 50. Mwendo usizidi ulioandikwa kwenye vibao, kwa ajili ya wanyama na kwa ajili ya faini. Watoto hukaa madirishani kutafuta tembo na twiga. Kisha inakuja mibuyu ya bonde la Ruaha, vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, halafu mlima Kitonga.

Kitonga na gari lililojaa kunahitaji subira. Zima kiyoyozi kabla ya kuanza kupanda, tumia gia ya chini tangu mwanzo, tazama mshale wa joto kila kona, usijaribu kulipita lori kwenye kona hata kama linatambaa. Beba lita 10 za maji ya kawaida. Mshale ukipanda, simama penye nafasi, acha injini ipoe nusu saa nzima ndipo rejeta ifunguliwe. Mvuke wake huchoma uso. Bibi alipokuwa akirudi kwake kutoka Dar, hapa Kitonga ndipo alipofungua kikapu akatoa kanga ya pili na kujifunga kichwani. Alikuwa na haki: juu ya mlima huu hewa inabadilika ghafla, na masweta ya watoto yanapaswa kuwa juu ya mabegi, yasiwe chini.

Iringa ni saa 8 mchana. Kulala ni hapahapa. Kuunganisha hadi Njombe jioni ni kujitafutia ukungu na malori gizani bila sababu.

Siku ya 2, Alhamisi: Iringa hadi Njombe, na kununua vifaa

Ipogolo, Ifunda, Mafinga. Hapa Mafinga mbao za msindano ni nyingi, kwa hiyo mbao tatu za nchi moja kwa sita, futi 12, zinanunuliwa na kufungwa juu ya gari. Ndizo zitakazofunga zege la juu. Baada ya Makambako na upepo wake, barabara ya Mbeya inaendelea mbele, ya Njombe na Songea inakata kushoto. Kilomita 60 hivi na mji wa Njombe huu hapa, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari.

Vifaa vimenunuliwa Njombe mjini, mchana, fundi akiwepo. Kaburi letu lilichimbwa mita 2.1 kwa 0.8. Hesabu yake ni hii: saruji mifuko 8 ya kilo 50, tofali za nchi sita 40 (zinatumika 36 hivi, nyingine hupasuka njiani), nondo za milimita 10 tatu, waya wa kufungia kilo 1, nailoni nzito mita 3, mchanga tripu mbili za kirikuu (kigari kidogo cha mizigo), kokoto tripu mbili. Msalaba wa zege uliagizwa wiki tatu kabla, urefu mita 1.3, wenye nondo mbili ndani, ili ufike umekomaa.

Mfuko wa saruji ubonyezwe pembe zote. Ukiwa na mabonge yasiyopasuka kwa vidole, umeshakula unyevu, uachwe dukani. Mchanga uchotwe kiganjani, usuguliwe, umwagwe. Kiganja kikibaki na tope jekundu, huo ni mchanga wenye udongo, na udongo ndio unaofanya plasta ibanduke kama ganda. Mchanga wa mtoni hubakiza vumbi kidogo tu la kupukuta.

Nondo tatu zinatosha zikikatwa kwa akili. Vinahitajika vipande 14 vya mita 1.2 na vipande 7 vya mita 2.5. Nondo ya kwanza ya mita 12 itoe vifupi kumi. Ya pili itoe virefu vinne na kifupi kimoja. Ya tatu virefu vitatu na vifupi vitatu. Fundi akianza kukata bila mpango, anaweza kuomba nondo ya nne.

Siku ya 3, Ijumaa: kijijini, msingi

Kamwene. Kamwene. Salamu zinaanzia barabarani na haziharakishwi. Safari ya kwanza ya miguu ni kwa mzee wa ukoo, si kaburini. Anapelekewa sukari na chumvi, anaelezwa kilichokuja kufanyika ingawa alishapigiwa simu mwezi mzima kabla, na mwenyekiti wa kijiji na wa jumuiya wanapewa taarifa. Familia nyingi za mjini huteleza hapa: gari linapaki, fundi anashuka na sululu, na majirani wanaosikia mlio wa jembe kaburini wanajiuliza kuna msiba mwingine. Wanawake wamefunga kanga kiunoni kabla ya kuingia uani. Wanaolia waachwe walie. Nyumba hii ilikuwa na mtu wa kutoka jikoni akipangusa mikono kwenye kanga, na leo hatoki mtu.

Mzee ndiye anayesimama kwanza kwenye kaburi. Anamwita kwa jina, anamwambia watoto wake wamekuja kumjengea, asishtuke. Kisha jembe la kwanza ni lake.

Kazi ya siku ni msingi, na siri ya kaburi lote iko hapa. Msingi ukae kwenye ardhi ambayo haijawahi kuchimbwa, nje ya shimo. Kwa hiyo zinatafutwa kingo za shimo la mwaka jana: udongo wa juu unakwanguliwa taratibu kwa koleo mpaka rangi mbili zionekane, uliochanganyika ndani, ule mzima nje. Unaachwa upana wa vidole vitatu kutoka ukingoni, kisha mtaro wa upana wa sentimita 25 na kina cha sentimita 30 unazunguka. Vipimo vya nje vinakuwa mita 2.7 kwa 1.4. Mraba unahakikishwa kwa kamba ya kona kwa kona. Zote mbili zisome sentimita 304. Zikipishana zaidi ya sentimita moja, vuta vigingi upya.

Zege ni moja kwa mbili kwa nne. Kwa ndoo za lita 20, mfuko mmoja wa saruji ule ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo saba za kokoto. Unene wa zege la msingi ni sentimita 20. Upande wa kichwa linaachwa tundu la kusimika msalaba, sentimita 30 kwenda chini, na msalaba unasimikwa leo leo ukitazamwa kwa timazi pande mbili.

Jioni, jikoni. Juu ya mafiga, kwenye uchaga uliokolea moshi hadi ukang'aa, kuna kibuyu chake cha mbegu. Kimezibwa kwa gunzi la hindi lililozungushiwa kitambaa. Ndani mna maharage ya mavuno yake ya mwisho, ya njano, mekundu na yenye madoa ya zambarau, yamechanganywa na majivu yaliyochekechwa. Majivu hayo humkwangua fukusi ngozi na kumkausha, pia huziba nafasi kati ya punje asiweze kupita. Hakuna hata punje moja iliyotobolewa. Lakini mbegu imeshavuka mwaka, na kuigawa bila kuijaribu ni kumgawia mtu kokoto. Punje 20 zinahesabiwa bila kuchagua, zinalazwa kwenye kitambaa kilicholowa na kukamuliwa, zinakunjwa, zinawekwa ndani ya sufuria lenye mfuniko karibu na mafiga. Kitambaa kitaloweshwa asubuhi na jioni.

Siku ya 4, Jumamosi: tofali, udongo, nondo

Tofali mistari miwili juu ya msingi, na kijiukuta kifupi cha mteremko upande wa kichwa cha kulaza kibao. Tofali ziloweshwe kwanza. Tofali kavu hunyonya maji ya udongo wa saruji kabla haujashika, na mstari huo hutikisika ukiguswa. Mchanganyiko ni ndoo moja kwa nne.

Ndani ya ukuta unarudishwa udongo uleule wa kaburi, sentimita 15 kwa mkupuo, unamwagiwa maji kidogo na kushindiliwa kwa gogo. Msalaba wa mbao wa siku ya mazishi kuna waliotaka ufukiwe humo ndani pamoja naye. Nia njema, lakini mbao ikiliwa na mchwa inaacha uwazi chini ya zege. Umefutwa vumbi na kutundikwa sebuleni, chini ya picha yake.

Nailoni inatandikwa juu ya udongo ili maji ya zege yasinywewe na ardhi. Nondo zinafungwa kama wavu, umbali sentimita 20, na kunyanyuliwa kwa vijiwe vya zege vya sentimita 2.5. Hapa mafundi wengi hukosea: hulaza nondo moja kwa moja chini, au huzivuta juu wakati wa kumwaga. Kifuniko hiki kinabebwa na kuta, si na udongo. Udongo utaendelea kushuka kidogo kwa miaka, na siku utakapoachana na zege, uzito wote utavuta upande wa chini wa kifuniko. Nondo ziwe huko chini zinakohitajika, lakini zimezungukwa na zege zisipate kutu.

Siku ya 5, Jumapili: hakuna kushika mwiko wa fundi

Misa ya asubuhi, jina lake likitajwa katika nia. Nia hiyo iliandikishwa parokiani mapema kupitia jumuiya, pamoja na ombi la padre kuja kaburini Jumatano. Parokia za huku zina vigango vingi na mapadre wachache. Kuomba wiki hiyohiyo ni kukosa.

Mchana ni wa bibi mdogo, mdogo wake wa tumbo moja, wa mwisho kubaki. Sauti yake inarekodiwa kwa simu. Simu iwekwe hali ya ndege ili mtu asipige katikati, ilazwe juu ya kitambaa kilichokunjwa, umbali wa mkono mmoja kutoka mdomoni, mbali na mafiga na kuku. Aongee Kibena. Kiswahili atakachokitafuta kitamfanya aseme machache na kwa adabu mno. Na asiulizwe "tusimulie maisha ya dada yako", maana atajibu kwamba alikuwa mtu mwema na atanyamaza. Aulizwe: siku anakuja kuolewa alivuka mto gani, na nani alimbebea mzigo? Nyumba ya kwanza ilikuwa upande gani wa huu mti? Mtoto aliyefariki mdogo aliitwa nani? Akiwa na hasira alifanya nini na mikono yake?

Jibu la swali hilo la mwisho: alikwenda kupalilia. Hata kama palikuwa pameshapaliliwa.

Picha za zamani zinapigwa nje, kivulini, simu ikiwa sambamba na picha, bila mwanga wa simu. Nyuma ya kila moja yanaandikwa majina kwa penseli laini. Kalamu ya wino hujitokeza upande wa pili baada ya miaka. Kila jina lisomwe kwa sauti mbele ya bibi mdogo kabla ya kuandikwa.

Siku ya 6, Jumatatu: zege la juu

Zege limeanza saa 3 asubuhi, baridi ikiwa imepungua, ili limalizike kushika kabla ya usiku. Saruji kwenye baridi hufanya kazi polepole, na chini ya nyuzi 5 inakaribia kusimama kabisa. Usiku wa Septemba haufiki huko mara nyingi, lakini huku si pa kuaminiwa.

Mchanganyiko ugeuzwe mkavu mara tatu, mpaka rangi iwe moja, ndipo maji yaje. Mfuko mmoja wa saruji unatoshwa na ndoo moja na robo ya maji, pungufu kama mchanga una unyevu. Vijana wa kukoroga watataka kuongeza, maana zege jepesi halichoshi koleo. Maji ya ziada huja kutoka yenyewe na kuacha vijitundu na nyufa nyembamba. Kipimo cha mkono: bonge likifinywa likae umbo lake bila kutiririsha maji kati ya vidole.

Unene ni sentimita 10 pembeni na 12 katikati, mvua iteremke pande zote. Linachomwachomwa kwa kipande cha nondo, hasa kwenye kona za mbao, hewa itoke. Baada ya saa tatu au nne, kidole kikiacha alama bila kuzama, niru, yaani saruji laini ya kumalizia uso, inapigwa palepale juu ya zege bichi. Hili ni jambo la kushikilia hata fundi akisema atapiga kesho. Niru ya kesho inakaa juu ya zege kama koti. Niru ya leo inakuwa ngozi yake.

Marumaru za rangi hazikuwekwa, ingawa ndugu wengine walizitaka. Zinapendeza mwaka wa kwanza. Zikipandikwa juu ya zege ambalo bado linakauka na kusinyaa, hubaki na uwazi chini. Maji huingia, baridi ya Juni huyagandisha, yakiganda yanatanuka, na marumaru inainuka kipande kimoja kimoja. Anayezitaka asubiri zege limalize mwezi mzima, arudi mara ya pili, na kila moja ipakwe saruji mgongo mzima, si madonge matano.

Usiku zege limefunikwa magunia yaliyolowa, juu yake nailoni, juu yake nyasi kavu.

Siku ya 7, Jumanne

Kumwagilia asubuhi, mchana na jioni. Plasta ya kuta za nje. Kibao kimelazwa kwenye mteremko wake, mgongo wote ukiwa umepakwa saruji. Nyasi zinafyekwa mita 5 kuzunguka makaburi yote, la babu pia, kwa sababu huu ni msimu wa moto kichaa. Maharage ya kesho yameloekwa jioni.

Siku ya 8, Jumatano: kumbukumbu

Kwa watu 150: mchele kilo 30, nyama kilo 30, maharage kilo 12, unga wa ugali kilo 25, kabichi na figili kwa kadiri ya bustani. Wapishi waliotoka pwani waelezwe mapema kwamba maji ya huku huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, hayafiki 100, kutokana na mwinuko. Maharage ambayo hayakuloekwa yatakula saa tano nzima na kuni zote. Moto umewashwa saa 9 usiku, kuni ni za mwati, zinazowaka kwa joto kali. Ulanzi, pombe ya mianzi, haupo, mianzi hutoa wakati wa mvua. Ipo togwa.

Misa imeanza saa 4. Padre amenyunyiza maji ya baraka kuzunguka kaburi, na mkutano wote ukaitikia: Raha ya milele umpe ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie, apumzike kwa amani. Mjukuu wa mwisho, ambaye hakuwahi kumwona akiwa na nguvu, amesoma majina matatu ya kwenye kibao kwa sauti. Bibi mdogo ameyapapasa kwa kidole, herufi kwa herufi, mpaka lile la nyumbani kwao. Hapo amekaa sana.

Wasifu uliosomwa ulikuwa wa dakika saba, ulioandikwa kutokana na majibu ya Jumapili: mto, mzigo, mti, jina la mtoto yule. Watu waliomfahamu walikuwa wakiitikia kwa vichwa.

Siku ya 9, Alhamisi: kukabidhi na kugawana

Mbao zinafunguliwa pembeni. Zege linahitaji maji siku saba tangu kumwagwa, na leo ni ya tatu. Kazi hiyo anakabidhiwa kijana wa jirani, analipwa nusu, nusu nyingine atatumiwa kwa simu baada ya picha ya siku ya saba. Nyasi zinabaki juu wiki mbili. Anaelezwa pia asiruhusu mtu kupanda mkaratusi wala msindano karibu na hapo. Mizizi yake hunyanyua zege.

Kitambaa kinafunguliwa mbele ya wote. Kati ya punje 20, 17 zimetoa mzizi. Mbili zimeoza, moja imevimba tu. Kumi na sita zingetosha.

Kibuyu kinamwagwa kwenye ungo. Kikombe kimoja kwa kila nyumba ya mtoto wake, majivu yakiwa humohumo, kwenye bahasha ya karatasi. Ndani ya mfuko wa nailoni mbegu itatoa jasho na kuota ukungu kabla ya Chalinze. Vikombe viwili vinarudi kibuyuni kwa bibi mdogo. Kupanda ni mvua za kwanza zikishatulia, punje mbili kila shimo, kina cha vidole viwili, shimo hadi shimo sentimita 20, mstari hadi mstari sentimita 50. Zilizo kwenye kitambaa nazo hazitupwi. Wajukuu wamezipanda kwenye bustani yake nyuma ya jiko, zile 17, na kuzimwagilia kwa maji yaliyobaki kwenye ndoo ya kaburi.